Pampu ya kasi inayobadilika katika bwawa kuukuu: tathmini baada ya miezi kumi na minne

Tulipoinunua nyumba hii ya Mbezi Beach, Dar es Salaam, bwawa la kuogelea lilikuwa limejaa maji ya kijani hafifu, na muuzaji alituhakikishia kwamba mitambo yake "ni mizima kabisa, inataka dawa tu". Mitambo hiyo ilikuwa pampu ya kasi moja yenye nguvu ya farasi moja na nusu, filta ya mchanga yenye kipenyo cha sentimita 60, taa mbili za zamani, na swichi ya saa iliyokuwa imeota kutu kwa chumvi ya upepo wa bahari. Bwawa lenyewe lina urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.4, yaani lita 70,000 za maji. Ninaandika tathmini hii hasa kuhusu pampu mpya tuliyoifunga, ile ambayo kasi ya mota yake hubadilishwa kwa kidhibiti cha kielektroniki, lakini siwezi kuieleza kwa haki bila kueleza hali ya filta, kwa sababu pampu hii ingefungwa juu ya filta ile mbovu, leo ningekuwa naandika malalamiko.

Miezi miwili ya kwanza tulimwaga klorini bila mafanikio. Maji yaling'aa kwa siku mbili, kisha yakarudi kuwa kama chai ya majani mabichi. Fundi wa kwanza alituuzia dawa ya kuua mwani mara tatu mfululizo. Wa pili, mzee aliyefanya kazi ya mabwawa ya hoteli kwa miaka mingi, hakugusa ndoo ya dawa hata kidogo. Aliingia majini, akapitisha kiganja sakafuni mbele ya tundu linalorudisha maji, akatoka na mchanga mkononi. "Mama," aliniambia, "usininunulie dawa tena kabla sijafungua filta hii." Mchanga unaorudi bwawani ni dalili kwamba mikono ya plastiki iliyo chini ya filta, ile yenye mianya myembamba ya kupitisha maji na kuzuia mchanga, imevunjika. Alipoifungua, mikono miwili ilikuwa imekatika, na mchanga wa juu ulikuwa umeshikana mabonge kwa chokaa na mafuta ya miili. Maji yalikuwa yamejichongea njia zao katikati ya mabonge hayo, yakipita bila kuchujwa. Mchanga wa filta kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka mitano hadi saba. Huu wetu haukuwa na mtu aliyekumbuka umri wake. Tulibadilisha mikono yote, tukaweka mifuko sita ya kilo 25 ya mchanga mpya wa filta, na tukabadilisha mpira wa ndani ya vali ya kichwa cha filta (ile yenye mpini wa kuchagua maji yapite njia ipi), ambao ulikuwa ukivujisha maji kwenda kwenye bomba la taka hata mpini ukiwa mahali pa kuchuja. Kazi hii ilitugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya pampu, nayo ndiyo iliyosafisha maji.

Fundi alipima pia asidi ya sayanuriki, ambayo huilinda klorini isiharibiwe na jua, na akaikuta imezidi miligramu 150 kwa lita, wakati kiwango kinachoshauriwa ni 30 hadi 50. Huo ni mrundikano wa miaka mingi ya vidonge vya klorini, kwa kuwa kila kidonge cha aina ile huacha asidi hiyo majini, nayo haiondoki isipokuwa kwa kumwaga maji. Tulimwaga kwa awamu wakati wa kiangazi. Yeyote anayeishi karibu na bahari asithubutu kulikausha bwawa lote mara baada ya masika, kwa sababu maji ya ardhini yakiwa juu huweza kulisukuma ganda tupu la bwawa hadi likapasuka.

Sasa nije kwenye pampu yenyewe. Kanuni inayoifanya iwe na maana ni hii: kasi ya mota ikipunguzwa hadi nusu, maji yanayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini umeme unaohitajika hushuka, kinadharia, hadi sehemu moja ya nane. Marekani imeona jambo hili kuwa zito kiasi kwamba tangu Julai 2021 kanuni zake za matumizi ya nishati zimeziondoa sokoni pampu mpya nyingi za kasi moja za mabwawa. Kwetu hakuna anayekulazimisha, kwa hiyo nilitaka kuona mwenyewe kwenye LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Pampu ya zamani ilikuwa ikila wati 1,600, nayo ilifanya kazi saa 8 kwa siku, yaani uniti 12.8. Mpya huenda kwa mizunguko 1,400 kwa dakika kwa muda wa saa 12, ikila wati 250, kisha huongezwa hadi mizunguko 2,800 kwa dakika kwa muda wa saa 2, ikila wati 1,300. Jumla uniti 5.6 kwa siku. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, tofauti hiyo ya uniti 216 kwa mwezi ni karibu shilingi 77,000. Ufungaji na pampu vilitugharimu shilingi 2,900,000, ilhali pampu ya kawaida yenye nguvu ileile ingetugharimu 1,100,000. Ziada ya shilingi 1,800,000 itarudi kwa miezi 23 hadi 24. Naamini hesabu sahihi ni hiyo ya ziada, kwa kuwa pampu ya zamani ilikuwa imekwisha beringi na ingebadilishwa kwa vyovyote.

Faida ambayo sikuitarajia ni ukimya. Pampu ya zamani ilisikika hadi chumba cha kulala. Hii, ikiwa katika kasi ya chini, husikika tu ukisimama mlangoni pa chumba cha mashine. Mwendo wa polepole umeyasafisha maji vizuri zaidi pia, kwa sababu maji yakipita taratibu kwenye mchanga huacha takataka ndogo ambazo kwa kasi kubwa zingesukumwa moja kwa moja hadi ng'ambo ya pili.

Hata hivyo, kasi ya chini haifai kwa kila kazi, na hapa ndipo wauzaji wengi hawasemi kitu. Kijana aliyetufungia aliacha kila kitu kwenye mizunguko 1,400, pamoja na kazi ya kuosha filta kwa kuyarudisha maji kinyume. Kwa muda wa wiki sita tuliiosha filta bila kuiosha, kwa kuwa mkondo dhaifu hauwezi kuuinua mchanga na kuutikisa uchafu. Filta ya ukubwa wetu huhitaji takriban lita 14,000 kwa saa ili mchanga uinuke. Baada ya yule mzee kuturekebishia, tunaiosha kwa kasi ya juu kwa dakika tatu, hadi maji ya kwenye kioo cha vali yawe meupe. Geji ya shinikizo la maji kwenye filta nayo hudanganya: katika kasi ya chini husoma baa 0.2 tu, filta iwe safi au chafu, hivyo tunaisoma katika mizunguko 2,800 pekee. Hapo filta safi ni baa 0.8, na ikifika 1.4 tunaosha. Zile saa mbili za kasi ya juu tumeziweka asubuhi, kwa sababu majani ya mwarobaini wa jirani huanguka usiku, na skima, lile tundu la ukingoni linalovuta takataka zinazoelea, haina nguvu ya kuyavuta pampu ikienda polepole.

Kasoro kubwa ya pampu yetu ni kidhibiti chake. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, saa yake hupotea, na ukirudi pampu huanza kwa kasi ya juu hadi mtu aende kuipanga upya. Mara moja tulikuwa safarini Tanga, na uniti za wiki nzima ziliisha kwa siku nne. Vilevile, mota yenye vifaa vya kielektroniki haivumilii umeme unaopanda na kushuka kama ile ya zamani ilivyovumilia. Tumeiwekea kifaa cha kulinda dhidi ya mabadiliko ya umeme, na tumeijengea paa na ukuta wa matundu ili chumvi ya upepo isiifikie moja kwa moja.

Wakati mafundi wakiwa kazini tuliwaagiza wafanye mambo mawili ya usalama, ambayo nayathamini kuliko uokoaji wote wa umeme. La kwanza ni kufunga swichi inayokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampia 30, ambayo haikuwepo kabisa. La pili ni kubadilisha kifuniko bapa cha tundu la chini la bwawa kwa kile cha mbinyuko kisichoweza kuzibwa na mwili wa mtoto, kwa kuwa tundu moja lenye kifuniko bapa lina uwezo wa kumnasa mtu chini ya maji. Marekani ilitunga sheria kuhusu jambo hilohilo mwaka 2007. Taa mbili za wati 300 kila moja tulizibadilisha pia kwa za LED.

Naipa pampu nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile saa inayosahau, na nitaitoa siku mtengenezaji atakapoiwekea betri ndogo ya kuihifadhia kumbukumbu.