Jumamosi sita za mafunzo ya wokovu huku Ibanda: je, franka 10,000 zinafaa?

Nimemaliza mafunzo ya upatanisho, yaani jinsi kifo cha Yesu kinavyotupatanisha na Mungu, yanayotolewa na kanisa moja hapa Bukavu. Jina silitaji, maana nina malalamiko. Unalipa franka 10,000, fotokopi zikiwemo.

Kilichonirudisha kila Jumamosi ni mwalimu. Papa wa makamo, hapigi kelele, ana chaki na Biblia basi. Siku ya pili alitusomea Walawi 16, wale mbuzi wawili: mmoja anachinjwa, wa pili kuhani anamwekea mikono kichwani, anaungama maovu ya watu, kisha mbuzi anapelekwa jangwani akiwa hai. Nasoma Biblia tangu utoto, na huyo wa pili nilikuwa nampita tu.

Siku ya tatu ilikuwa ya Anselm, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury tangu 1093. Mimi nauza vitenge Kadutu, mambo ya deni hunifundishi. Anselm anasema utii unaompa Mungu leo ulikuwa unadaiwa tayari, hivyo haufuti dhambi ya jana. Nilicheka peke yangu. Nina mteja ambaye akinunua kitenge na kulipa papo hapo, anashangaa jina lake bado liko kwenye daftari. Mama, pesa ya leo ni ya kitenge cha leo! Kwa hesabu hiyo hata Yesu, kwa kuwa ni mwanadamu, alipaswa kutii maisha yake yote. Kifo ndicho hakudaiwa, kwa sababu hakutenda dhambi. Hicho ndicho kilicholipa.

Nikanyoosha mkono: miaka yote ile ya Nazareti, basi, ni ya bure? Na Warumi 5:19 inasema ni kwa kutii kwake mmoja watu wengi wanafanywa wenye haki. Mwalimu akafurahi, akaniambia Calvin, yule mwanamatengenezo wa Kiprotestanti wa karne ya 16, alihesabu utii wote wa maisha ya Yesu, si msalaba peke yake. Akaanza kuandika ubaoni.

Hapo ndipo waandaaji walipomkata. Matangazo dakika 40, sadaka mara mbili (tumeshalipa, jamani), jenereta chini ya dirisha inanguruma. Utii, ambao kwangu ndio kiini cha mafunzo yote, ulipata robo saa ya mwisho, siku ya sita. Na fotokopi zenyewe! Ukurasa wa Waebrania 5:8 umekatwa pembeni: “ingawa ni Mwana, alijifunza kut”. Jirani yangu alijazia “kutibu” kwa bik, akaendelea kusoma bila wasiwasi.

Mwalimu nampa nyota tano, waandaaji mbili. Ukienda, kaa mbali na dirisha, na swali lako uliulize kabla ya matangazo. La kwangu tulilimalizia nje kwenye ngazi, mvua ikinyesha, yeye ameshika Biblia ndani ya koti.