"Baskeli haina saizi, Maalim"

Naanza na maneno ya kijana aliyeniuzia baskeli, maana ndiyo yaliyonikosesha usingizi: "Baskeli haina saizi, Maalim. Saizi ni ya viatu." Aliyasema mbele ya watu, kakaa, mguu mmoja juu ya mwengine, simu mkononi, wala hakunitazama. Barza nzima ikacheka. Nami, mtu mzima, mwalimu wa skuli miaka chungu nzima, nikacheka nao. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Duka sitalitaja. Lipo mjini Unguja, linauza zile baskeli nyeusi za kizamani, mtumba wa Ulaya. Ukitaka kujua uzito wake na idadi ya meno ya gia, kaulize kwengine. Mie nina nyota moja ya kutoa, na hata hiyo naitoa kwa sababu ya kengele.

Hamu nilikuwa nayo zamani. Marehemu baba alikuwa na Raleigh, yenye ile nembo ya kichwa cha korongo mbele, akitupakia kutoka Bububu mpaka mjini, mdogo wangu kwenye chuma cha juu, mie kwenye keria nimekamata shati lake. Mtu mwenye kumbukumbu kama hiyo ukimwonesha fremu nyeusi na breki za fimbo, zile zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, akili inahama. Nakiri. Niliipiga kengele kabla hata sijaushika usukani, na kijana akajua hapo hapo kwamba huyu keshanunua.

Fremu ilikuwa ya inchi 24. Kanzu yoyote ninayonunua mie lazima ipelekwe kwa fundi ipunguzwe chini, basi mjue naongea kutoka wapi. Nikauliza kama hakuna ya 22, au ya 20. Ndipo nikajibiwa hayo ya viatu. Akashusha kiti mpaka mwisho wake, akanipandisha, akanishika mgongo kama mtoto anayefundishwa, akasema, "Si unaona? Unafika." Nilifika kwenye pedeli, kweli. Chini sikufika.

Na uongo wote umejificha hapo. Kiti kinapanda na kushuka, lakini chuma cha juu hakiendi popote. Fremu hupimwa kwa lile bomba linaloteremka kutoka kwenye kiti hadi penye ekseli ya pedeli. Likiwa refu, chuma cha juu nacho kinapanda. Ukisimama umeipanua miguu, nyayo zote mbili chini, pabaki japo nafasi ya vidole viwili vitatu kati yako na chuma. Mie nilikuja kupima nyumbani, baada ya msiba, kwa tepu ya cherehani ya mke wangu. Chuma sentimita 86. Miguu yangu 74. Hizo 12 zilizopungua, mwanamme yeyote anajua zinadaiwa wapi.

Msiba wenyewe ulikuwa Mkunazini, asubuhi moja ya masika, njia ina madimbwi. Hamali katokea kichochoroni na gari lake limejaa mbatata. Nikakamata breki, baskeli ikasimama vizuri tu, mie nikateremka mbele ya kiti kama desturi, mguu ukaitafuta ardhi. Ardhi hakuna. Sielezi zaidi ya hapo. Madaftari ya darasa la sita yakamwagika dimbwini, na wanafunzi wawili wa darasa hilo hilo wamesimama pale na maandazi mkononi, midomo wazi. Nilipofika skuli habari ilikuwa imeshatangulia, imeongezwa chumvi.

Hamali ndiye aliyeninyanyua. Akaitazama baskeli, akanitazama mie. "Pole, mzee wangu. Kubwa hii." Yeye anauza nguvu zake kwa kusukuma mbatata, na kaliona jambo kwa kutupa jicho mara moja. Yule anayekula kwa kuuza baskeli, halioni!

Halafu kuna mikoba. Aliniuzia miwili ya turubai, ya kuning'inia ubavuni mwa keria, "seti moja na baskeli, Maalim, bei ya mwalimu." Kila nikizungusha pedeli kisigino kinagonga mkoba. Ta, ta, ta, kutoka Fuoni mpaka mjini. Na usukani: ule wake ulikuwa mpana, mikono yake imerudi nyuma kumfuata mtu. Barabara kuu ni raha tupu, unakaa umenyooka kama bwana shauri. Lakini vichochoro vyetu mnavijua. Mkikutana na mama mmoja na kikapu chake, mmoja wenu lazima arudi kinyumenyume. Nikamwambia nataka mwembamba, ulionyooka. "Kazi ya dakika tano hiyo. Utakuja wakati wowote."

Nilimpelekea fundi wangu, mzee mmoja anayekaa chini ya mkungu kule Fuoni. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza habari ya dakika tano. Akacheka mpaka akaweka spana chini. "Hizi breki za fimbo, mwanangu, vishikio vyake vimeshikana na usukani wenyewe. Ukiutoa huu umezitoa na breki. Haya, sema utie breki za waya. Ringi hii mpira unaibana kwa ndani, upande wa njiti. Haina ubavu wa kubanwa na breki za waya. Basi ubadili na ringi. Ukishabadili usukani, breki na ringi mbili, hiyo iliyobaki utaiita nini?" Ile mikoba aliisogeza nyuma kiasi cha shubiri moja, akaikaza kwa mpira wa tyubu, ugomvi wa visigino ukaisha. Elfu mbili. Nilipomuuliza kuhusu fremu aliuliza kwanza, "Hii ya nani?" Nikasema yangu. Akainamia kikombe chake cha chai.

Nikarudi dukani. Nilikwenda nimejipanga, sauti ya chini, kama navyosema na mzazi mkorofi. Kijana hakunyanyuka. "Imeshaanguka hii, Maalim. Tena kwa mikono yako. Hairudi." Siku hiyo ningeandika haya, msingebakishiwa hata hiyo nyota ya kengele.

Sasa sikilizeni, maana nami sitaki kusema uongo mwezi huu wala mwezi mwengine. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, hodi mlangoni. Ni yeye. Kaja kutoka mjini mpaka Fuoni kwa baskeli, kaipanda mwenyewe gizani, ya inchi 20, ile aina ambayo chuma cha juu kimeteremka chini, wanayoiita ya kike. "Imeingia leo, nikakukumbuka." Akachukua ile kubwa. Hakutaka hata shilingi ya juu. Akapiga magoti uani kwangu akakaza madgadi iliyokuwa ikicheza. Nikasema subhanallah, kumbe mtu nimemla nyama bure. Mke wangu akamtilia chai.

Kikombe mkononi, akamgeukia mke wangu: "Bi mkubwa, Maalim hana tatizo la baskeli, hajazoea tu. Baskeli haina saizi."

Ndani ya nyumba yangu!

Baskeli yenyewe, ukweli, naipenda. Nasimama kwa nyayo mbili. Ijumaa naipanda na kanzu bila kuinua mguu, nafika msikitini sijakunjamana. Watoto wanasema mwalimu kachukua baskeli ya mkewe, waseme. Usukani ni ule ule mpana, nimeshausamehe, maana sasa nikibanwa kichochoroni naweka mguu chini nangoja mama apite. Ila yapo yake nayo. Kiti ni cha ngozi, nyuma kina vile vijicho viwili vya kupitishia mikanda, nikafunga mkoba wa kiti nikiona sasa nimekuwa mtu. Fremu fupi, kiti kiko chini, mkoba ukaikalia madgadi ya nyuma. Juma moja tu rangi imebanduka na mkoba umetoboka kitako. Nimerudi kwenye ile miwili ya ubavuni, iliyokaa shubiri moja nyuma.

Basi sijui. Tatu? Kwa ile safari ya usiku ningempa nne, kisha naikumbuka chai ile na viatu vile, narudi mbili. Mkienda, nendeni na tepu, na mjipime mbele yake.

Kila asubuhi napita mbele ya duka. Ananiinulia mkono. Napiga kengele, lakini simtazami.