Gundi ya dakika tano au vanishi? Nimezijaribu zote kwenye rodi ya mjomba

Rodi yenyewe, fimbo ya kuvulia samaki, ni Shakespeare nyeupe ya nyuzi za kioo. Kampuni hiyo ya Marekani ilianza kuuza rodi za aina hiyo miaka ya 1940. Yangu haina umri huo, ila mjomba aliinunua kwa baharia enzi anafanya kazi bandarini hapa Tanga, na tangu astaafu ilikuwa imeegemea ukuta wa uani Sahare, jua lake, mvua yake. Aliponipa, ukiishika mkono unawasha mpaka usiku. Jua lilikuwa limekula utomvu wa juu, vile vinyuzi vya kioo vimechomoza kama manyoya ya kiwavi. Uzi unaoshika pete, zile za kupitishia mshipi, nao koti lake, yaani tabaka lililopakwa juu yake, lilikuwa limepasukapasuka, na kutu imeanza kutokea chini yake.

Nikaenda duka la vifaa Ngamiani. Kijana wa dukani akaniambia, "Kaka, chukua hii, dakika tano kazi imekwisha." Ni ile gundi ya mirija miwili, unachanganya sawa kwa sawa. Nikaamini, maana Jumapili nilishaahidiana na wenzangu kwenda kuvua Raskazone.

Dakika tano ni kweli, na tatizo ndilo hilo. Kabla sijamaliza pete ya pili gundi ilishaanza kuvuta kama ubuyu uliopikwa ukapitiliza. Nikaisukuma kwa kijiti, ikaacha matuta na vipovu. Kosa langu kubwa zaidi: niliipaka juu ya koti kuukuu lililopasuka, sikuosha wala kukwangua. Jumapili nikapata kolekole mdogo tu, wa kukaanga mtu mmoja, rodi ikapinda, nikasikia ta! Pete ya tatu gundi imepasuka pembeni kabisa, pale mguu wa pete, kile chuma kinachofungwa kwa uzi, unapoishia.

Jirani yangu ni mzee anayetengeneza ngalawa. Nikampelekea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Chumvi umeifungia ndani, mjukuu wangu, itakula chuma polepole. Halafu hii gundi ni ngumu, na rodi yako inapinda. Lazima ipasuke."

Akanituma vanishi ya mbao za nje, ile wanayopaka milango inayopigwa jua na mvua. Kopo dogo, Sh 12,000, na msasa namba 400.

Kuitoa ile gundi kumenichukua jioni mbili. Siri ni joto: niliazima drayeri la nywele la mke wangu, nikapuliza kwa umbali wa kiganja mpaka gundi ikalainika, kisha nikaimenya kwa kucha. Wembe niliutumia sehemu moja tu: unakata uzi juu ya mguu wa pete, pale penye chuma chini. Ukikata pembeni, umeikata rodi yenyewe, na jeraha hilo ndipo itakapovunjikia siku ya samaki mkubwa. Halafu nikaosha kila kitu kwa maji yasiyo ya chumvi, nikakausha, nikapangusa kwa spiriti.

Miguu ya pete niliisugua kutu, nikainoa ncha zake ziwe nyembamba ili uzi upande bila kuruka. Nilitumia uzi wa nailoni wa cherehani, mweupe. Hapo mjifunze kwa makosa yangu: uzi mweupe ukilowa vanishi unakuwa kama kioo, chuma chote kinaonekana chini. Chukueni mweusi au kahawia.

Koti la kwanza la vanishi nililiongeza tina kidogo, liwe jepesi, linywewe na uzi. Mengine matatu sikuyachanganya, ila ni membamba, na kati ya koti na koti nikasugua msasa uliolowa, taratibu. Kopo linasema saa 24. Kwa unyevu wetu wa pwani hapa, tena masika ilikuwa imekaribia, mimi nilisubiri siku mbili, na bado siku moja asubuhi ilikuwa inanata kidoleni. Kila ukimaliza kupaka, izungushe rodi mkononi nusu saa hivi, la sivyo vanishi inajikusanya upande wa chini na kuning'inia kama tone la asali. Na zima feni. Mimi sikuzima siku ya kwanza. Pete ya nne ina vumbi la Sahare milele.

Mwili wa rodi sikutumia brashi. Nilichovya kipande cha fulana kuukuu, nikaupangusa mwili mzima mara mbili. Vile vinyuzi vimelala, mkono hauwashi tena. Rangi imegeuka kidogo kuwa ya samli, hilo likubali au uache.

Nimevua nayo miezi mitatu sasa, nikirudi naiosha kwa maji ya bomba, hakuna ufa hata mmoja. Vanishi naipa nne kwa tano. Moja nimekata kwa sababu ya harufu iliyotufukuza sebuleni, na kwa sababu ukilifungua kopo siku nyingi baadaye unakuta limeota ngozi juu. Gundi ya dakika tano nimegundishia mguu wa meza, imeshika vizuri sana.

Pete ya kwanza kutoka kwenye mpini sikuifungua. Uzi wake mwekundu, alioufunga mjomba, ulikuwa bado mzima. Niliupitishia vanishi juu mara moja, basi.