Sindano za nanosprei: nilichokiona kwa miezi minane

Protini niliyoisafisha kwa wiki tatu ilitoka mikrolita 15 tu, nami nilitaka kuipima kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Sprei ya kawaida ya umeme, inayoingiza sampuli kwenye mashine kama matone yenye chaji, ile iliyompatia John Fenn sehemu ya Nobeli ya kemia mwaka 2002, ingeimaliza kwa dakika chache. Ndipo nikanunua vijisindano hivi vya kioo vilivyopakwa dhahabu kwa nje. Unatia mikrolita mbili, unapandisha hadi volti 1,000 hivi, na inatoka nanolita chache kwa dakika. Nilipima mchana kutwa, nikabakisha.

Kabla ya kuiamini nilianza na mayoglobini ya farasi, protini ya misuli. Kwenye asidi ya fomiki na asetonitraili ilikunjuka, ikabeba chaji tele, vilele vya spektra (mchoro wa matokeo) vimejipanga kama meno ya kitana. Chenye chaji 17 kilisimama kwenye 998, yaani uzito uliogawanywa kwa chaji. Nikairudia kwenye amoniamu asetati bila asidi, ikabaki imekunjika: vilele viwili vitatu tu, kimojawapo karibu na 2,197, maana yake himu, kijimolekuli chenye chuma ambacho protini hii hukishika, bado imo ndani. Nilimwita mwenzangu wa meza ya pili aje aone!

Sasa kero. Ncha ni mikroni moja au mbili, ukiigusisha meza tu imekwenda. Ukipandisha volti kwa pupa, cheche inaruka na dhahabu inaungua. Boksi langu la pili lilifika dhahabu imebabuka, na muuzaji akanijibu eti nimelihifadhi vibaya, wakati nililifungua siku hiyohiyo. Tena kila sampuli unabadilisha sindano kwa mkono, kwa hiyo ukiwa na sampuli arobaini, usijitese.

Kuziba nako kupo, ila hapo siilaumu sindano. Mtu aliniletea protini ikiwa kwenye bafa ya fosfeti, myeyusho wa chumvi unaotuliza asidi; iliziba karibu papo hapo, na kidogo kilichopita kilikuwa sodiamu juu ya sodiamu, kila moja ikiongeza 22 kwenye uzito. Badilisha bafa kwanza, halafu zungusha kwenye sentrifuji uchote kimiminika cha juu tu. Wengine huvunja ncha kidogo ili izibuke. Inazibuka kweli, lakini matone yanakuwa makubwa na spektra inachafuka.

Kazi za kila siku nimezirudisha kwenye sprei ya kawaida. Boksi la tatu nimeagiza kwa muuzaji mwingine, limo kwenye droo, na funguo ninayo mimi.