Buibui la kamba na abaya, Lamu

Kabla ya buibui la kamba na abaya, mavazi meusi ya kujisitiri ya wanawake Waislamu, palikuwa na shiraa: kitambaa kipana kilichobebwa na watumwa, bibi zao wakitembea ndani yake. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907, wabebaji wakakosekana.

Buibui la kamba likashika nafasi. Ni jeusi tupu, hufungwa kichwani kwa kamba. Tajiri na maskini hawatofautiani, na kwa kuwa halina pambo la kupitwa na wakati, lilidumu vizazi. Leo wengi wanaolivaa ni wanawake wazee.

Abaya ya Uarabuni ni nyepesi na huachia mikono huru, ila kila Idi huja na mshono mpya wa mkono wa nguo na tarizi mpya, ya jana ikaonekana kuukuu. Ya kazini, nachagua abaya. Kwa heshima ya usawa, buibui halijapata mpinzani.