TAHADHARI: Muuzaji wa stiki na bipodi "orijino" za bunduki, msimtumie hela wala picha ya leseni

Ndugu wawindaji, wafuata nyayo, na nyote mnaoandaa vifaa vya msimu wa uwindaji, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna muuzaji anazunguka Instagram na makundi ya WhatsApp akijitangaza kuwa wakala wa bipodi za Harris (miguu miwili mifupi inayofungwa chini ya bunduki) na stiki za kaboni za miguu mitatu (fito za kusimamisha mbele ya mpigaji alaze bunduki juu yake). Jina la ukurasa anabadilisha, namba ya simu anabadilisha, ila maneno ni yaleyale: mzigo umeingia, imebaki michache, lipa nusu nikuhifadhie. Anayelipa ama analetewa kitu bandia, ama haletewi kabisa. Na siku hizi ameongeza jambo la hatari kuliko wizi wa hela: anaomba picha ya leseni yako ya silaha. Nitalifikia.

Mimi nafanya kazi kambi za uwindaji wa kitalii, upande wa pori la akiba la Rungwa, Tanzania. Kambi tuliyokuwa iliagiza kwake stiki za mwindaji bingwa wetu, yule anayeongoza msako, pamoja na bipodi moja ya mgeni, yaani mtalii aliyekuja kuwinda. Mzigo ulikuja kwa basi, umefungwa vizuri, boksi lina maandishi ya Kiingereza na bendera ya Marekani. Ukizitazama kwa mbali, stiki ni nzuri: nyeusi, nyepesi, zina panda ya mpira juu ya kulaza bunduki na klipu za kurefusha na kufupisha miguu. Bei aliyochukua ni ya kaboni.

Kwetu kifaa kipya hakiingii porini kabla ya kupigiwa risasi kambini. Tukazisimamisha kwenye uwanja wa kulengea shabaha, tukalaza bunduki ya .375, ile nzito ya wanyama wakubwa, juu yake bila hata kupiga. Mguu mmoja ukaanza kushuka wenyewe, polepole, kwa uzito wa bunduki tu. Tukakaza klipu, tukapiga. Risasi za kwanza zikapita, kisha klipu ikakatika katikati. Ndani yake hakuna chuma hata kidogo, ni plastiki tupu iliyopakwa rangi ya fedha. Tulipong'oa kile kiatu cha mpira cha chini tukaona ukingo wa bomba unang'aa mweupe. Alumini nyembamba, juu imebandikwa karatasi yenye michoro ya nyuzi za kaboni. Kucha tu inaibandua.

Bipodi nayo ilikuwa na jina la Harris lililochapwa kwa wino. Kitambaa chenye mafuta ya bunduki kilifuta herufi zote. Springi ya mguu wa kushoto ilikuwa legevu kuliko ya kulia, mguu ukikunjuliwa unabaki nusu njia. Tulipompigia alisema tumeiharibu wenyewe. Siku iliyofuata namba haipatikani, na ukurasa haufunguki kwa simu yoyote ya pale kambini.

Asiyeijua kazi hii anaweza kusema ni vijiti tu, nunua vingine. Hapana. Kwenye miombo nyasi zinakufika kiunoni, mahali pengine kifuani. Mgeni hawezi kulala chini akaona kitu, anapiga akiwa amesimama. Nyati anafuatwa kwa nyayo saa nyingi, na akifikiwa mara nyingi yuko chini ya mita mia. Mfuata nyayo anatandika stiki mbele ya mgeni bila kelele, mgeni analaza bunduki, ana sekunde chache tu. Mguu ukishuka sentimita mbili wakati anavuta kifyatulio, risasi iliyokuwa inaenda begani inaishia tumboni. Kuanzia hapo kuna nyati aliyejeruhiwa amejificha kichakani, na atakayetangulia kumfuata si mgeni, ni mfuata nyayo, mara nyingi mikononi ana fimbo tu. Mnyama anateseka. Mgeni naye analipia hata kama hakupatikana, maana damu ikishamwagika mnyama huyo amehesabiwa. Ndiyo maana nina hasira na mtu huyu. Anauza kifaa ambacho maisha ya wenzangu yamekaa juu yake.

Sasa namna ya kumtambua. Ukisoma matangazo yake kwa utulivu utaona mtu huyu hajui uwindaji, na hapo ndipo anaponaswa.

Kwanza picha. Anaweka picha ya mwindaji mweupe amepiga magoti nyuma ya swala mwenye ubavu wa mstari wa kahawia iliyokolea na uso mweupe, anaandika "mteja wetu, Rungwa". Yule ni springbok. Anaishi kusini mwa Afrika: Namibia, Botswana, Afrika Kusini. Tanzania hayupo kabisa. Picha imeokotwa mtandaoni. Ushuhuda mwingine unasema "tumepiga nyati Tsavo kwa stiki hizi, ziko imara". Tsavo ni hifadhi ya taifa, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa aina hiyo tangu 1977. Hakuna mtu aliyepiga nyati Tsavo kihalali akaenda kuandika ushuhuda wa stiki.

Pili, modeli. Bipodi anayoisifia sana anaiita S-BRM, na anasema "inafaa ukiwa umesimama, umekaa au umelala". Harris ni kampuni ya Kentucky, Marekani, na modeli zake zinajulikana. S-BRM ina miguu ya inchi 6 hadi 9, yaani sentimita 15 hadi 23 hivi. Hiyo ni ya kulala kifudifudi au kuweka juu ya meza. Hata modeli yao ndefu zaidi inaishia inchi 27, haifiki sentimita 70, hiyo ni ya kukaa chini. Hakuna bipodi ya Harris ya kupigia ukiwa umesimama. Anayekuambia ipo ama hajawahi kuishika, ama anakudanganya akijua. Vilevile Harris inajulikana kwa chuma na aloi, na ukiishika ya kweli unasikia uzito wake. Yeye anauza "Harris ya kaboni".

Tatu, na hili wengi hawalifikirii: anawaambia wenye .375, .416 na .458 wafunge bipodi kwenye mtutu kwa kibano anachowaongezea kwa bei nyingine. Bunduki nyingi za wanyama hatari zina kishikizo cha mkanda kwenye mtutu wenyewe badala ya ubao wa mbele, hivyo bipodi ya kawaida haina mahali pa kukaa. Si kasoro. Wamefanya hivyo kusudi, ili teke la bunduki lisikupondee vidole vya mkono wa mbele. Ukining'iniza kitu kwenye mtutu, risasi haziendi tena pale ulipoisetia. Hata kwenye stiki mtutu haulazwi, unalaza ubao. Muuzaji anayekuambia ubane mtutu ujue shida yake ni hela ya kibano.

Kwa maoni yangu, kama kazi yako ni nyati, pofu au tandala kwenye nyasi ndefu, bipodi weka pembeni kabisa. Ina nafasi yake kwenye tambarare wazi na bunduki nyepesi, swala wa mbali, mtu ana nafasi ya kulala. Porini kwetu miguu mitatu ndiyo kazi. Msimruhusu mtu awauzie visivyowahusu kwa sababu vinapendeza kwenye video.

Na ukitaka kununua stiki za dukani, nunua kwa kushika. Ng'oa kiatu cha mpira utazame ukingo wa bomba: kaboni ni nyeusi mpaka ndani, alumini inang'aa. Sumaku isikudanganye, haishiki kaboni wala alumini, kwa hiyo ile video yake ya "jaribio la sumaku" haithibitishi kitu. Refusha miguu yote, kaza, kisha egemea panda kwa mikono miwili na uzito wa mwili wako. Ikishuka hata kidogo, rudisha. Fungua na funga klipu mara nyingi usikilize: ikilia "ta!" kwa sauti kubwa, nyati atasikia kabla hujafika. Muuzaji wa kweli hakatai haya.

Nirudi kwenye leseni, maana hapa ndipo naomba mnisikilize kweli.

Mwenzetu mmoja wa kambi jirani, mkazi mwenye bunduki yake, alipotaka kuagiza aliambiwa "kwa utaratibu wa serikali" atume picha ya leseni ya silaha, kurasa zote, na picha ya kitambulisho cha NIDA pande mbili, ili "mzigo utoke forodhani". Akatuma. Hela akalipa, mzigo haukuja. Baadaye alianza kupigiwa na watu asiowajua wakimtajia aina ya bunduki yake na mtaa anaokaa.

Muuzaji wa stiki hana haja na namba ya bunduki yako. Leseni ina jina lako, makazi, aina ya silaha na namba yake. Aliyenayo anajua nyumba ipi ina bunduki, na akipiga hesabu ya msimu anajua pia lini mwenye nyumba yuko porini. Silaha ikiibwa ikaenda kufanya ujangili au kuua mtu, namba iliyo kwenye daftari la polisi ni yako. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakudai wewe mmiliki uitunze, na utakayeulizwa wa kwanza ni wewe.

Kama umeshatuma picha hizo kwa muuzaji wa aina hii, usione aibu na usisubiri. Nenda kituo cha polisi cha wilaya yako, kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), utoe taarifa kwamba nakala ya leseni iko mikononi mwa tapeli, upewe RB, namba ya taarifa yako. Hamisha silaha mahali salama kabla hujasafiri tena. Waambie na waliobaki nyumbani wasimfungulie mtu anayejiita "afisa wa kukagua silaha" bila kupiga kwanza kituoni kuuliza.

Kwa waliotuma hela: piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara tu unapohisi umetapeliwa, kwa sababu hela ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Namba yake itume kwenda 15040, ile ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuripoti matapeli. Usifute mazungumzo hata kama yanakuuma. Piga picha za skrini zenye tarehe, hifadhi ujumbe wa muamala, boksi na kifaa chenyewe hata kikiwa kimevunjika. Mashtaka ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 yanahitaji vitu hivyo, na Tume ya Ushindani inashughulikia bidhaa bandia, nao watataka kuiona bidhaa. Sisi za kwetu tumezihifadhi zote, pamoja na klipu iliyokatika.

Na kwa kambi ambayo msimu umeshaigongea mlango na haina stiki, msikimbilie mtandaoni. Zile za zamani bado zinafanya kazi kuliko za huyu bwana. Chukua mianzi mitatu iliyokomaa na kukauka kivulini, au fito za mkole zilizonyooka. Urefu wake uwe mpaka usawa wa macho ya mtu mrefu wa kambi, maana kwa mfupi mnapanua miguu tu. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, funga fito zote tatu pamoja kama shubiri moja chini ya ncha, zungusha mpira kupita kila fito badala ya kuzifunga kitita kimoja, ili zifunguke bila kubana. Sehemu ya panda izungushie ngozi au kitambaa kinene, ubao wa bunduki usigonge mti ukalia. Ncha za chini zichonge kidogo zishike ardhi, msiziache laini, kwenye mawe ya Rungwa zinateleza. Kisha zipigieni risasi kambini kwa bunduki ileile mtakayoitumia, mgeni akiwa amesimama namna atakavyosimama siku ya nyati.

Msimu unafungua Julai 1 na huyu mtu huchangamka kuanzia Mei, watu wakiwa na haraka na hela ya maandalizi iko mkononi. Ukiona tangazo lenye springbok wa "Rungwa", Harris ya kaboni, au ombi la leseni, litume kwenye makundi yenu ya kambi mara moja, pamoja na namba mpya anayotumia.