Pete ya yakuti samawi kutoka kwa sonara wa mjini: uzoefu wangu

Nilipoamua kununua pete yenye kito cha buluu, kwanza nilifikiria tanzanaiti, ambayo duniani kote huchimbwa Mererani peke yake na ambayo uzuri wake hauna ubishi. Lakini nilitaka pete ya kuvaa kila siku, jikoni, ofisini na kwenye daladala, na kwa matumizi hayo yakuti samawi haina mshindani wa karibu. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs ina 9, chini ya almasi yenye 10, ilhali tanzanaiti ina takriban 6.5, kiasi kwamba hata mchanga wa kawaida unaweza kuikwaruza. Tanzanaiti ningeivaa masikioni bila wasiwasi wowote.

Duka nililokwenda ni dogo, liko mtaa wa Indira Gandhi, na sonara wake ni mzee mwenye subira. Alinifungulia vikaratasi vyenye mawe kutoka Tunduru na bonde la mto Umba mkoani Tanga, yakiwemo ya kijani na ya zambarau, kwa kuwa yakuti hupata rangi nyingi. Ile ya buluu huipata kutokana na chembechembe za chuma na titani. Jiwe moja lilinivutia sana chini ya taa. “Mwanangu, taa za dukani ni za kuuzia,” aliniambia. “Toka nalo nje ulitazame.” Nje lilikuwa karibu jeusi. Jingine alilaza juu ya gazeti, nikaweza kusoma herufi kupitia katikati yake, naye akaeleza kwamba limechongwa kina kifupi, hivyo mwanga unapita badala ya kurudi machoni. Nilichagua la tatu, dogo kuliko yote mawili, ambalo buluu yake ilibaki hai hata kivulini.

Alinieleza waziwazi kwamba jiwe hilo limepashwa joto ili kuboresha rangi, jambo ambalo ni la kawaida katika biashara hii na halinisumbui, mradi mnunuzi aambiwe na bei ilingane. Mawe ambayo nyufa zake zimejazwa kioo ndiyo ya kuogopa, kwani kioo hicho huharibiwa hata na maji ya ndimu.

Kuhusu umbo, alinionyesha mfano uliozungukwa na almasi ndogondogo, unaofanana na pete ya uchumba aliyovishwa Diana, mke wa kwanza wa Charles wa Uingereza, mwaka 1981 na ambayo tangu 2010 huvaliwa na Kate, mke wa mwanawe William. Unapendeza kweli, ila kwa vidole vyangu ni mzigo. Nikaomba jiwe moja tu, lililoshikwa na kucha nne za dhahabu ya karati 18.

Kazi ilichelewa kuliko tulivyokubaliana, na nilipoanza kuivaa ukucha mmoja ulikuwa ukinasa nyuzi za kanga. Aliusugua kwa tupa nikisubiri, bila malipo. Risiti ya kwanza ilitaja “pete ya jiwe la buluu” na bei basi, maelezo yasiyomfaa mteja yeyote. Niliomba iandikwe upya ikitaja yakuti samawi, uzito wake kwa karati na kwamba limepashwa joto, naye akaiandika na kuigonga mhuri palepale.